Vipaza Sauti vya Kanisa: Tufuate Kipimo au Sikio?



Juma hili nataka tuzungumze jambo ambalo huwagombanisha watu wema parokiani, nalo ni ununuzi wa vyombo vya sauti vya kanisa. Waumini wamechanga, fedha zimetimia, kamati imeketi. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja asema, "Tutazame namba zilizoandikwa. Namba hazina upendeleo." Mwingine amjibu, "Namba haziimbi. Chombo cha sauti huchaguliwa kwa masikio."

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu kikaoni ni kuandika, si kubishana. Lakini ubishi huu nimeuandika kitabuni mara mbili, maana sisi tulinunua mara mbili, na mara ya kwanza tulipotea. Ndiyo sababu nawaandikieni leo, ili parokia yenu isilipe ada tuliyoilipa sisi.

Sikilizeni basi habari yenyewe.

Mara ya kwanza tulikwenda mjini watu watatu: mwalimu wa kwaya, mzee mweka hazina, na mimi. Dukani tulionyeshwa spika mbili zilizonifika kifuani, zenye taa za rangi ziwakazo na kuzimika. Juu ya sanduku iliandikwa wati 2,000. Mwenye duka akapiga wimbo wa kwaya. Loo! Besi ikatikisa vioo vya kabati. Mwalimu wa kwaya akafumba macho kwa furaha. Mzee mweka hazina akaitazama ile namba, akasema, "Hizi hata walio nje watazisikia." Tukalipa, tukarudi nyumbani tukiimba garini. Mnaona basi: tulitumia vyote viwili, namba na masikio, na vyote viwili vilituponza.

Jumapili ya kwanza watu walishangilia. Lakini hazikupita Jumapili nyingi, wazee wa viti vya nyuma wakaanza kulalamika kuwa hawasikii masomo. Tukaongeza sauti. Wakasema, "Sasa kelele tunaisikia, maneno hatuyasikii." Sisi tukacheka kidogo, tukadhani ni uzee.

Halafu Jumapili moja Padre akatangaza kwamba Jumatatu angetoa Mpako wa Wagonjwa kanisani, na wenye wagonjwa wawalete. Familia moja ya mbali ilisikia "Jumatano." Hebu yatamkeni wenyewe maneno hayo mawili, Jumatatu na Jumatano. Tofauti yake yote imo katika silabi ya mwisho, nayo husemwa kwa sauti ndogo kuliko zote. Jumatano alfajiri vijana wale walimbeba baba yao juu ya kitanda mwendo wa saa mbili, wakakuta kanisa limefungwa na Padre amekwenda vigangoni. Mimi ndiye niliyewapokea. Mzee aliniangalia akauliza polepole, "Karani, si mlisema leo?"

Sikuwa na jibu. Padre alimfuata nyumbani kesho yake, naye mzee alipokea sakramenti kabla hajafariki. Mungu ashukuriwe. Lakini swali lile halikunitoka. Tulikuwa tumetumia fedha zilizotokana na madebe ya mahindi ya maskini kununua chombo kinachoimba vizuri, lakini kisichoweza kusema Jumatatu.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue maneno yameundwa vipi. Irabu zetu, yaani a, e, i, o, u, ndizo zenye nguvu; hizo husikika mbali. Lakini maana hubebwa zaidi na konsonanti, kama t, k, s, p na f, nazo ni nyembamba na dhaifu. Saa, taa, kaa, paa, faa, vaa, zaa: katika maneno yote hayo irabu ni zile zile, na maana ni mbali kabisa. Besi ikizidi, au mwangwi ukizidi, konsonanti hufunikwa. Mtu wa nyuma hubaki akisikia "aa, aa, aa." Na kwa kuwa watu wanapozeeka hupoteza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, wazee ndio huumia mapema. Kumbe wale wazee wetu hawakuwa wasumbufu. Walikuwa wakitupimia bure, nasi tukawacheka.

Je, masikio yetu dukani yalidanganywa na nini? Na mambo mawili.

La kwanza ni nguvu ya sauti. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kuwa sikio halisikii sauti nzito, za kati na nyembamba kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, besi hupungua sikioni. Ikiongezwa, besi hukua kuliko nyingine. Kwa hiyo mwenye duka akizungusha kitufe kidogo tu, spika ile ile huonekana nene na tamu zaidi. Ukilinganisha spika mbili, moja ikilia kwa nguvu kuliko mwenzake, mara nyingi utaichagua ile yenye nguvu, na wewe utaapa kuwa umechagua uzuri.

La pili ni macho. Wazee walisema macho hayana pazia. Bwana Floyd Toole, aliyefanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa, alikuja na pazia. Katika miaka ya 1980 aliwaketisha watu mbele ya pazia jepesi lipitishalo sauti, spika zikiwa zimefichwa nyuma yake, zote zikilia kwa nguvu sawa, nao watoe alama kwa sauti tu. Baadaye, mwaka 1994, yeye na Sean Olive walitangaza jaribio la wasikilizaji 40 huko Marekani. Spika zile zile zilisikilizwa kwa kufichwa na kwa kuonekana. Zilipoonekana, alama zilibadilika: kubwa na nzuri za kutazama zilipanda, ndogo isiyo ya gharama ikashuka. Sauti haikubadilika hata chembe. Lililobadilika ni kwamba macho yalikuwa yameingia katika baraza lisilowahusu. Basi zile taa zetu za rangi ziliwahi kupiga kura kabla yetu.

Hapo mpenda namba atasema, "Mnaona? Masikio hayafai." Subiri kwanza, ndugu yangu, nawe tukupime.

Ile wati 2,000 ni kitu gani? Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme. Si kipimo cha uzuri wa sauti, wala hata cha ukubwa wake hasa. Ukiongeza nguvu mara mbili, ukubwa wa sauti huongezeka desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, huhitajika nguvu mara 10 hivi. Kwa hiyo hata kama wati 2,000 ni za kweli, si mara kumi ya wati 200 sikioni. Ni kama mara mbili tu.

Tena mara nyingi si za kweli. Kuna namba iandikwayo PMPO, ambayo ni nguvu ya nukta moja ya kupita, ikikadiriwa kwa namna inayompendeza muuzaji. Namba ya kutafuta ni ile iitwayo RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa kuendelea. Na ukitaka kumkamata mwongo, geuza chombo nyuma usome kibandiko kisemacho kinatumia umeme kiasi gani. Cha kwetu kilisema wati 80. Sasa nyinyi akina mama, mkitia vibaba vinne vya mahindi mashineni, mtatoa magunia mawili ya unga? Tofauti ndogo isikutishe, maana watengenezaji hawapimi matumizi ya umeme kwa namna moja. Lakini chombo kilichoandikwa mbele mara ishirini na tano ya kile kinachokula nyuma, hicho ni debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Kuna namba nyingine ndogo ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa, nayo ina maana zaidi. Ni ile isemayo spika hutoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, mtu akiipima umbali wa mita 1. Spika moja ikitoa desibeli 88 na nyingine 97, tofauti ya desibeli 9 ni sawa na kuzidisha nguvu mara 8. Maana yake, ile ya 97 ikipewa wati 50 italia sawa na ile ya 88 iliyopewa wati 400. Kwa wale mnaotumia jenereta au umeme wa jua, jambo hili ni fedha za kila Jumapili.

Na ukiambiwa spika inatoa kuanzia hezi 20 hadi 20,000, usifurahi haraka. Hiyo ni sawa na kuambiwa kwamba barabara inatoka kijijini hadi mjini. Naam, inafika, lakini mashimo je? Kinachotakiwa ni mstari uliochorwa, uonyeshao kama sauti ni sawa njia nzima au ina vilima na mabonde. Na hapa nakuja kwenye jambo lililonifurahisha kuliko yote. Yule Bwana Toole, alipokwisha kukusanya alama za watu wa nyuma ya pazia, alizilinganisha na mistari ya vipimo. Akaona kuwa spika zilizopendwa, watu wakiwa hawazioni, kwa kawaida ndizo zile ambazo mstari wake ulikuwa sawa na laini. Kumbe kipimo cha haki na sikio la haki hukutana. Wanaogombana ni kipimo cha uongo na sikio lililohongwa.

Lakini hata spika njema inaweza kushindwa na kanisa. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya ambamo mwalimu hakueleweka; neno moja lilikaa hewani kama sekunde tano na nusu, na maneno yaliyofuata yakagongana nalo. Kijana mmoja mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ukiwa kimya, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapiga sauti kwa filimbi ya kinanda, na kwa saa ya kupimia muda akahesabu sekunde hadi sauti ilipozimika. Kisha akaongeza mito, akapima tena. Hivyo akagundua kanuni inayotumika hadi leo: chumba kikubwa chenye kuta ngumu hukawia kunyamaza, na vitu laini, pamoja na miili na nguo za watu, huimeza sauti. Ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa ushauri wake.

Sasa niambieni, chombo chake cha kujua sauti imezimika kilikuwa nini? Kilikuwa sikio lake mwenyewe. Alisikiliza, lakini alisikiliza na saa mkononi. Je, huyo alikuwa mtu wa kipimo au mtu wa sikio?

Kanisa letu ni la matofali na sakafu ya saruji, na juu ni bati. Spika zetu mbili zilisimama mbele, zikipeleka sauti kwenye kuta na bati. Mtu wa mbele hupata sauti moja kwa moja kutoka spika. Mtu wa nyuma hupata kidogo ya hiyo na mwangwi mwingi. Ukiongeza nguvu unaongeza vyote viwili pamoja, maneno na mwangwi, na hali hubaki ile ile. Ndiyo maana wazee walituambia wanasikia kelele.

Mara ya pili tulifanya hivi, nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwanza, kabla ya kwenda dukani tulipima kanisa: urefu, upana, na watu hukaa wapi. Mwenzetu mmoja alipiga makofi mara moja akiwa altareni, nasi tukahesabu mwangwi. Kwa kuwa kanisa tupu huvuma kuliko kanisa lililojaa, tulirudia baada ya Misa kabla watu hawajatoka.

Pili, tuliandika namba za kutafuta: wati za RMS, desibeli kwa wati 1, na umeme unaotumika. Chombo kisichoweza kutoa namba hizi hatukukisikiliza kabisa, hata kama kilikuwa kizuri cha kutazama. Hiyo ndiyo kazi halali ya kipimo: kufunga mlango kwa wasiostahili kuingia.

Tatu, tulimwomba fundi atuletee aina mbili za kujaribu, nasi tukaweka amana na kuandikiana. Tuliwaona mafundi wawili. Mmoja alikataa, wa pili akakubali. Sauti ya dukani si sauti ya kanisani. Chombo kisikilizwe pale kitakapoishi.

Nne, tulizifunika spika kwa khanga nyepesi ili mtu asijue ipi ni ipi, tukasawazisha nguvu zake. Kwa kusawazisha tulitumia programu ya simu ya kupima ukubwa wa sauti. Simu haina usahihi wa chombo cha fundi, lakini simu ile ile, mahali pale pale, yatosha kulinganisha.

Tano, hatukupiga muziki kwanza. Hapo ualimu niliosomea ulinifaa. Niliandika orodha ya maneno yanayofanana: saa, taa, kaa, paa, na mengine ya namna hiyo, na siku za juma zimo. Katekista aliyasoma kwenye maikrofoni bila mpango. Watu walioketi viti vya nyuma, wazee kwa vijana, wakaandika walichosikia, na wasiojua kuandika wakamnong'oneza mjukuu. Kisha tukasahihisha kama mtihani wa darasa la tatu. Tulianza na spika zetu za zamani, zile za wati 2,000. Watu wa nyuma hawakufikisha nusu. Aina ya kwanza ya fundi ilisaidia kidogo. Aina ya pili, ambazo ni spika nyembamba ndefu nne zenye wati chache, zikiwa zimetundikwa ukutani katikati ya kanisa na kuinamishwa kuwaelekea watu badala ya bati, ziliwapatia karibu maneno yote. Khanga zilipofunuliwa, mwalimu wa kwaya alisema kwa mshangao, "Hizi? Dukani nisingezitupia hata jicho."

Hatukuzitupa zile za zamani. Ziko nje, hutumika siku ya mavuno watu wakicheza ngoma uwanjani, na huko zinafaa.

Jambo moja dogo ni la bure: msomaji aisogelee maikrofoni, kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, na asome polepole. Hakuna amplifaya inayoweza kurudisha neno lililomezwa na msomaji.

Pengine utasema, "Karani, sisi hatununui vyombo vya kanisa, mimi nataka redio ya nyumbani tu." Kanuni ni ile ile. Usinunue wati, wala usinunue wimbo wa muuzaji. Iweke redio kwenye mtu anayesoma habari, ipunguze sauti hadi iwe ndogo, nenda hatua kumi, ufumbe macho. Ukiyapata maneno yote, hiyo ni redio. Kisha soma nyuma yake inakula betri kiasi gani.

Basi jibu langu kwa wale ndugu wawili wanaobishana kikaoni ni hili: kipimo kitangulie, sikio limalizie. Kipimo kituondolee uongo wa sanduku. Sikio liamue, lakini liwe limefunikiwa macho, limesawazishiwa nguvu, na lipo kanisani. Na liwe sikio la nani? Hapa ndipo mimi na wenzangu tulipokosea zaidi. Dukani tulikwenda na masikio ya watu watatu wenye nguvu, waliosimama mita 2 kutoka spika. Hatukumchukua hata mmoja wa wale ambao chombo kilinunuliwa kwa ajili yao. Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani yategemea kusikia. Basi asiyesikia katika nyumba ya Mungu amenyimwa kitu kikubwa, na aliyemnyima atajibu.

Katika kamati yetu sasa kuna bibi mmoja wa jumuiya ya nyuma ya kilima. Hajui wati wala desibeli. Kila kitu cha sauti kinapotengenezwa, yeye huketi kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, nasi humsomea matangazo ya juma. Akiyarudia bila kosa, fundi hulipwa. Asipoyarudia, fundi hupanda tena ngazi.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.